Mkwe Aliyelipwa Ili Ashindwe

Mansfield, Texas

Mke wangu, Mama Nekesa,

Salamu hizi zikufikie ukiwa umekwisha kukama ng'ombe na kuketi, kwa sababu barua hii haisomwi kwa kusimama. Goti lako linaendeleaje? Je, ile dawa ya kuchua uliyopewa na dada yako imefaa, au imenukia tu? Mimi ni mzima. Mtoto wetu naye ni mzima, ingawa zamu za hospitali zimemfanya alale mchana kama popo.

Uliniagiza jambo moja: kabla ya kuikubali posa ya Nekesa, nijue huyo Marcus ni mtoto wa nani. Ulisema hutatoa neno lako mpaka upate langu. Nekesa naye amesema hataolewa bila baraka zetu, na tangu aseme hivyo ananisongea ugali mgumu, kama nipendavyo, kila siku, jambo ambalo ninalihesabu kuwa rushwa.

Jumamosi mimi na Nekesa tulisafiri kwa gari hadi Missouri City, karibu na Houston, mwendo wa asubuhi nzima. Marcus na wazazi wake walitupokea vizuri. Mama yake alitupakulia mbavu za kuchoma na mboga za majani ambazo, ukiniruhusu niseme kweli, zilikaribia sana sukuma yako. Baada ya kunawa nilianza kazi uliyonituma. Nilimwuliza mzee wa nyumba, anayeitwa Curtis, wao ni wa ukoo gani.

"Jina la ukoo wetu lilibaki bandarini tulikouzwa," alijibu kwa upole. "Uliza swali jingine, mzee mwenzangu."

Niliona haya. Nikamwuliza kazi aliyoifanya ujanani.

"Nilicheza mpira wa kikapu. Nililipwa ili nishindwe."

Wote walicheka isipokuwa mimi. Unanijua. Nilichezesha mashindano ya kikapu ya shule nikiwa na filimbi shingoni mpaka nilipostaafu, na wako walimu wakuu ambao hawanisalimu hadi leo kwa sababu nilikataa kuona walichotaka nione.

"Kushindwa kwa makusudi ni udanganyifu," nilisema. "Mtu wa kazi hiyo humfundisha mwanawe nini?"

"Baba, please!" Nekesa alininong'oneza huku akinikanyaga mguu. "Mbona unatu-embarrass hivi?"

Marcus aliinamia sahani yake. Curtis hakukasirika. Alinimiminia chai ya baridi, ambayo watu wa hapa huinywa bila kulazimishwa, akanisimulia habari za timu aliyosafiri nayo.

Zamani, ligi kubwa za nchi hii hazikuwapokea watu weusi. Vijana fulani wa mji wa kaskazini waliunda timu yao, wakajipakia katika gari moja bovu, wakazunguka miji midogo wakicheza na yeyote aliyekubali. Walikuwa hodari kupita kiasi. Waliwashinda wenyeji mpaka wenyeji wakanuna, na timu inayowanunisha wenyeji haialikwi tena. Basi wakaanza mizaha: kuzungusha mpira kidoleni, kuuficha ndani ya jezi, kumkimbiza refa. Wenyeji wakacheka, wakasahau kwamba wanafungwa. Mchezo ulipokwisha, waliowashangilia ndio hao hao waliowanyima kitanda katika hoteli yao, nao wakala mkate garini.

Baadaye timu ilisifika, ikazunguka nchi nyingi. Ligi kubwa nazo zilifungua mlango, lakini mizaha haikuachwa, kwa kuwa watu walikwisha kuipenda. Tena, kwa kuwa wapinzani hawapatikani kila mji, timu ilisafiri na wapinzani wake yenyewe, katika basi la pili. Curtis alikuwa katika basi hilo la pili.

"Kesho wanacheza hapa Houston," alisema. "Njoo uone ndipo unihukumu."

Tulikwenda baada ya ibada. Mama Nekesa, mchezo ule ulinitia homa! Mchezaji mkuu wa timu ile ya mizaha, jitu lenye miguu ya korongo, aliukumbatia mpira akatembea nao uwanja mzima akiwapungia mkono akina mama. Mwili wangu ulisimama kabla ya akili. Nilizungusha ngumi zangu kifuani, kama tufanyavyo waamuzi, nikapaza sauti: "Ametembea na mpira!"

Lile jitu lilisimama. Lilinijia hadi kwenye kiti, likainama, likanishika mkono, likanipeleka mpaka uwanjani na kunivisha filimbi. Nilipuliza. Lilipiga magoti likalia. Lilinipa bisi kama hongo. Ukumbi mzima ulinizomea. Mimi nimewahi kuzomewa na wazazi wa wanafunzi, hao hawakunitikisa. Nilinyoosha mkono upande wa timu inayoshindwa: mpira ni wao. Waliuchukua, wakafunga.

Nikasikia mtu mmoja akishangilia peke yake kule juu. Alikuwa Curtis, amesimama juu ya kiti. "Hatujawahi kupewa mpira ule!" alipiga kelele. "Hatujawahi!"

Lakini nilichotaka kukuambia ni hiki. Nikiwa pale uwanjani, lile jitu liliruka juu ya mgongo wa mpinzani ili kuchekesha watoto, likateleza. Yule mpinzani alilidaka kiuno, akalishusha taratibu, kisha akajiangusha yeye ili achekwe yeye. Watazamaji hawakuuona mkono ule, mimi niliuona. Alimwagiwa maji, akajipangusa, akarudi kukaba, tena kukaba kwa kweli. Walifungwa vibaya sana, wakaondoka wakiwapa watoto mikono.

Tulipokuwa tukirudi Mansfield, nilimwuliza Nekesa kama Marcus anajua kushindwa.

"Huyo? Tukigombana na yeye ndiye amekosea, anasema amekosea, anaosha vyombo. Tena anaimba."

Sikuendelea kuuliza, maana mimi sijawahi kuimba.

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo niliwaandikia wanafunzi ubaoni miaka mingi, bila kumjua mtu aliyeifanya kuwa kazi yake na kulea mtoto kwayo. Umeuliza Marcus ni mtoto wa nani. Ni mtoto wa mtu kama yule aliyemdaka mwenzake. Neno langu ni ndiyo. Nekesa anangoja lako, na ninaomba usikawie, kwa kuwa ukikawia ugali utarudi kuwa laini.

Wakwe wamesema watakuja Bungoma Desemba. Nisalimie dada yako wa dawa, na shangazi yake Nekesa atakayewazuia wageni langoni mpaka watoe chochote, kama desturi yetu. Mwambie kwamba Curtis ataanguka kwa hiari yake, asimsukume kwa nguvu. Msalimie pia mdogo wangu Wafula. Najua atamketisha Curtis kwenye drafti siku ya kwanza. Akimshinda, asitangaze kijiji kizima. Kwanza aniulize mimi kama ameshinda kweli.

Ni mimi mumeo, niliyezomewa Houston bila kosa,

Baba Nekesa