Maji Katika Maziwa ya Mama Nyambura

Jumamosi jioni, Tetu. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vinaniuma. Nimechoka, lakini hasira imeushinda uchovu, kwa hivyo naandika.

Mimi ni mtu wa Busia. Hapa nakamua ng'ombe wa Mzee Gachau, mzee wa kanisa. Kila asubuhi nasukuma wilbaro hadi kwenye banda la kupokelea maziwa, nikibeba mitungi yake pamoja na mtungi mmoja wa jirani, Mama Nyambura, mjane mwenye ng'ombe mmoja. Jumanne karani aliyapima maziwa ya Mama, akasema yana maji, akayakataa mbele ya foleni nzima.

Hakuna aliyeuliza swali hata moja.

Alhamisi, kwenye ushirika wa nyumbani, Mzee alimsimamisha Mama mbele ya wote.

"Mama, toa hiyo mzigo. Kiri tu, Bwana atakusamehe."

"Nikiri nini, Mzee? Mimi sikuweka maji."

"Ati ni ng'ombe ilisahau kuweka maziwa?" dada mmoja akanong'ona, na wenzake wakacheka ndani ya vitambaa vyao.

Wazee wakaamua asikaribie meza ya Bwana Jumapili hii mpaka akiri.

Watu hawa! Wanatoa machozi wakiwaombea wenye dhambi, halafu wakimpata mmoja wanamtafuna kama mahindi ya kuchoma. Eti ni kurekebishana kwa upendo. Upendo gani huo usioweza kuvuka ua hadi kwa mjane na kumuuliza, "Ilikuwaje?"

Lakini mbaya kuliko wote alikuwa amekaa karibu na mlango, mdomo umejaa kiazi kitamu.

Ni mimi.

Jumanne kulinyesha. Nilisimama kwenye kibanda kunywa chai, nikaifunika mitungi ya Mzee kwa nailoni. Mtungi wa Mama, ambao kifuniko chake hakishiki vizuri, niliuacha chini ya mchirizi wa mabati. Karani alipotamka neno maji, nilijua yametoka wapi. Nikanyamaza.

Leo asubuhi nimemwambia Mzee, sisi wawili tu, zizini. Nilidhani atashtuka. Alikuna kidevu.

"Wafula, hiyo maneno wazee walimaliza. Tukifungua tena, watu watasema nini juu ya kanisa? Wewe kamua."

Wewe kamua! Jina la kanisa lisiguswe, la mjane likanyagwe. Na mtu huyu ndiye hutufundisha haki, tena kwa sauti ya kutetemeka.

Nikaenda kwa Mama Nyambura. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi. Hakupaza sauti.

"Alhamisi nilikuangalia," akasema. "Ulikuwa unaangalia chini tu, nikajua kuna kitu unajua. Sikutaka kukuuliza mbele ya watu."

Nikamwomba msamaha.

"Kuja kwangu umefanya vizuri. Lakini mimi nilisimamishwa mbele yao, mwanangu. Hii kitu utanitolea huko huko."

Hivyo tu. Hakunitukana. Akanipa kigoda, akaendelea kumenya.

Na huyo ndiye waliyemnyima meza.

Kesho nitasimama kabla mkate haujamegwa. Mzee akitaka kunifuta kazi, anifute pale pale, mbele ya kanisa zima, akiwa na tai yake shingoni.