Siku Mama Akinyi Aliporudisha Chujio

Mutheu mjukuu wangu,

Sasa? Hapa Kabiro tunasukuma. Babako Mutua amepona mguu, ila bado anachechemea akiitwa kuteka maji.

Umeuliza mbona watu wa huko visiwani hawakimbii mkijaribu king'ora cha tsunami, na wafadhili wamewaletea mitambo mizuri hivyo. Mimi mitambo siijui. Kuonywa nakujua.

Ule mwaka wa uchaguzi mbaya tulikuwa tunakaa mtaa wa Lindi, hapa hapa jijini. Jirani yangu Mama Akinyi alikuwa ameazima vyombo vyangu mpaka nikipika naenda kwake kuomba sufuria yangu mwenyewe. Siku moja kabla ya matokeo kutangazwa, alivirudisha vyote, hata chujio la chai, vimeoshwa.

"Kwani nimekukosea?" nikamtania.

"Hapana, Mama Mutua." Hakuniangalia. "Kaa tu na vitu vyako karibu."

Nikafurahi, nikavipanga kwa kabati. Kesho yake babu yako akaenda kibandani kwake kushona viatu kama kawaida. Vibanda vilichomwa siku hiyo. Hakurudi.

Mama Akinyi angesema wazi, watu wa kabila lake wangemwita msaliti. Kwa hivyo aliniambia kwa njia aliyoweza, nami nikahesabu vijiko.

Mkimaliza kufunga hiyo mitambo, keti na wamama wa huko, wakuonyeshe kwao habari mbaya huingiaje nyumbani.

Chujio bado ninalo. Na siku hizi mtu akiazima kitu kwangu, naomba achelewe kukirudisha.

Shosho wako