Mkwe Wangu Anaanguka Vitani na Mimi Siwezi Kumshika

Kwako Shangazi Kevina,

Pokea salamu mingi kutoka Midia, huku Koboko. Sisi tuko wazima. Mama mkubwa wangu Victoria anakusalimu, magoti bado inamsumbua na masikio imechoka, lakini chakula anakula. Kijana wangu Taban anakusalimu kutoka Arua, anapakia mihogo kwa lori, Jumapili anakuja nyumbani, Jumapili ingine hakuji. Baba Night iko hapa nyuma ya nyumba tangu alipolala, kaburi yake nafagia kila asubuhi, na yeye nimemwambia ninakuandikia. Mbuzi ziko, mbwa iko. Watu wa nyumba ni hao tu, wamekwisha. Zamani salamu ya nyumba hii ilikuwa inajaza karatasi.

Night ndiye hayuko, na ni kwa sababu yake naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke.

Night ni binti yangu wa mwisho, aliolewa na Wani, kijana wa watu wa Sudan ya Kusini, mama yake alikufa njiani wakikimbia vita, akakaa na mjomba wake kule kambi ya wakimbizi, halafu wakapelekwa Kanada akiwa bado mtoto, akakua kule, akarudi kuoa, akaondoka na Night wangu, na mimi nikabaki naangalia ile barabara ya Koboko mpaka vumbi ikakaa chini. Sasa Night kabla ya kuondoka aliniwekea gemu kwa simu, ile ya falme na majoka, akasema Mama, Jumamosi mchana kwako ni asubuhi kwangu, tutakuwa tunakutana humu ndani, na mimi kusoma Kizungu sijui sana lakini picha najua, nikajifunza, yeye akawa mwenye upanga na mimi nikawa mponyaji, mwenye ile fimbo nyeupe.

Shangazi, ile gemu ya kwanza ilikuwa na adabu. Vita ilikuwa kwa zamu kama karata. Wewe unapiga, adui anapiga, na kama zamu ni yako hata joka lenyewe linakungoja, linatikisa mkia tu. Kwa hiyo nilikuwa naweka simu juu ya kiti, naenda jikoni kugeuza posho, narudi, na Night anauliza ndani ya simu, Mama leo mboga gani, namwambia sombe, anauliza umetia simsim, namwambia nimetia, anasema usiniambie tena, nitalia, na joka bado linangoja. Dawa nilikuwa namrushia kutoka mbali. Hata kama amelala chini nainua fimbo tu, mwanga unaenda, anaamka. Hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi yangu.

Sasa wametoa ya pili. Night alifurahi, mimi pia nikafurahi, lakini vita ya ile ya pili sijui nani aliitengeneza na alikuwa anakimbia nini. Hakuna zamu. Hakuna kungoja. Wote wanapiga mara moja, unabonyeza mpaka kidole gumba inavimba, ukiruka kukwepa mara chache pumzi inakwisha na mutu wako anasimama anahema kama mzee, adui mmoja mdogo wa msituni unampiga mpaka posho inaungua na yeye bado mzima, na moto yako mwenyewe inachoma watu wako. Maneno na Night hakuna tena. Ni Mama kushoto, Mama ruka, Mama nyuma yako. Nikimwuliza amekula nini anasema ngoja, Mama, ngoja, na ile ngoja haiishi.

Hiyo ningevumilia. Lakini hii ya pili inataka watu watatu, bila watatu lango halifunguki, na Night akamleta bwana yake, awe mwenye ngao. Na dawa hairushwi tena, Shangazi. Mutu akianguka, mponyaji lazima aende mpaka kwake, apige magoti, amshike kifua kwa mikono miwili, na wewe unakaza kidole kwa kioo mpaka duara ijae.

Wewe ni wa huku, unajua. Mimi sijawahi hata kumpa Wani mkono. Siku ya harusi nilikaa nimegeuza uso kama inavyotakiwa kwa ukoo wetu, sahani yake ilipita kwa mikono ya Taban. Jina lake mbele yake sitaji. Sasa nimshike kifua?

Jumamosi ile tulikuwa kwa daraja, joka liko upande wa pili, Wani akaanguka mbele yangu kabisa, na sauti yake inatoka kwa simu, "Mama, niko chini. Mama, niko hapa kwa miguu yako." Nikamzunguka, Shangazi. Nikamzunguka kama mutu anazunguka shimo. Night anasema, "Mama, mwinue, kaza tu kidole," na mimi nikajifanya sijui ni wapi pa kukaza. Akafa. Tukarudia, akafa tena pale pale. Ndipo Wani akamwambia mke wake, polepole, lakini nilisikia, "Mamako anajua. Juzi alimwinua mbwa."

Na ni kweli. Kuna mbwa ndani ya gemu, na nilimwinua.

Night akasema, "Mama, kama humtaki Wani, useme." Mimi nikanyamaza, kwa sababu Wani iko pale pale anasikia, na mambo hayo mama mkwe hawezi kumwambia mkwe kwa mdomo yake. Night akangoja. Halafu sauti ikakatika, na tangu siku hiyo hajapiga.

Jumamosi nafungua gemu peke yangu. Mutu wangu anasimama mbele ya lango na fimbo yake, mvua inanyesha, lango halifunguki.

Taban alipokuja nikamwambia. Akasema, "Mama, ile si mkono, ni rangi tu." Mama mkubwa, ambaye siku zote hasikii, hiyo akasikia. Akasema, "Na nani anasukuma ile rangi? Si mkono yake?" Taban akasema, "Basi, nyanya, avae soksi kwa kidole." Mama mkubwa akaangalia kidole yangu kama anaifikiria kweli, halafu akasema hapana.

Shangazi, nimshike au niache gemu? Nikimshika nitakuwa nimevunja adabu, na nikiacha sitakuwa na mahali pa kukutana na mtoto. Naomba unijibu upesi, kabla Jumamosi ingine haijafika, kwa sababu Jumamosi ndiyo nyumba hii inakuwa kubwa sana.

Ni mimi,
Mama Night, Midia


SHANGAZI KEVINA ANAJIBU

Mama Night,

Salamu zimefika zote, na ya Baba Night nimeipokea kwa heshima. Sasa keti, nikugombeze kidogo.

Kijana aliyefiwa na mama njiani anakuita "Mama" kutoka chini ya miguu yako, na wewe unamzunguka. Mara ya pili, unamzunguka tena. Mbwa unamwinua. Ungekuwa wewe Wani, ungefikiri nini?

Mambo ya ukoo wako unayajua wewe. Yeye alilelewa na mjomba kambini, akamalizia kukua Kanada. Nyumba aliyokulia haikuwa na mama mkwe wa kutazama, nani angemwonyesha? Ulipogeuza uso siku ya harusi, wewe ulikuwa unampa heshima, na yeye alikuwa anahesabu kwamba hatakiwi. Adabu ni nzuri, mama, lakini kwa mtu ambaye hakufundishwa inafanana sana na chuki. Na wewe uliiona inafanana, ukanyamaza.

Kuhusu gemu yenyewe niko upande wako. Nimewauliza vijana wa hapa Onduparaka wanaocheza hiyo ya pili, wakalalamika kuliko wewe: pumzi fupi, adui wasiokufa, moto unaochoma rafiki. Mmoja alisema vita ya kwanza ilikuwa ya akili na hii ni ya vidole. Walioitengeneza walidhani watu wanakuja pale kwa ajili ya joka. Wewe ulikuwa unakwenda kuulizwa kama umetia simsim. Kwa hiyo usijione mshamba. Umepokonywa kitu cha kweli, na una haki ya kulia.

Hata hivyo sitakuambia ni rangi tu. Ingekuwa rangi tu, usingemzunguka. Usimshike, kama moyo wako unakataa. Soksi mwachie Taban.

Fanya hivi. Weka hii karatasi chini umpigie Night leo, nje ya gemu. Usingoje apige yeye. Wewe ndiye mama. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi, la kifua, la magoti, la uso wa harusini, hata la mbwa. Adabu ya kwenu anaijua, hakuwaza tu kwamba inaingia mpaka ndani ya gemu. Yeye atamfikishia mume wake, kwa kuwa maneno ya mama mkwe yana njia yake, na njia hiyo ni binti. Kisha mwambie abebe yeye ile fimbo nyeupe. Mke kumshika mume wake kifua hakuna ukoo unaokataza. Wewe chukua upinde. Vijana wameniambia upo, na unautumia ukiwa mbali.

Halafu sema lile gumu zaidi, ambalo kwenye barua umelizunguka pia: kwamba unamkumbuka sana. Mwombe siku nyingine, ninyi wawili peke yenu, mrudi kwenye ile gemu ya kwanza. Vijana wanasema bado inafunguka. Usimwambie "kama una nafasi." Mwambie unaitaka.

Na kama ile ya pili itakataa kubadilishana kazi, basi Wani ataendelea kuanguka darajani, na wewe utaendelea kupita pembeni. Lakini aanguke akijua kwa nini, na acheke.

Shangazi Kevina, Arua