Nyuso Tatu za Nyamizi

Tabora, Jumamosi asubuhi. Joto limeanza mapema, anga ni jeupe, mvua bado. Upande wa Ntalikwa miombo imekwisha kuchipua majani yake mekundu, kana kwamba imeambiwa jambo ambalo sisi hatujaambiwa.

Shajara hii niliitupa tangu masika, na naomba radhi kwa yeyote aliyekuwa akipita hapa na kukuta ukurasa ule ule. Darasani nilimkaripia kila aliyeanza insha na kuiacha katikati. Udhuru sina. Sababu ninayo.

Sababu ni macho ya Zuhura, mdogo wangu. Mtoto wa jicho amemwingia pande zote mbili. Miezi hii yote nimekuwa nikimpeleka hospitali ya Kitete na kumrudisha, nikimsomea magazeti, nikimwambia nani anapita barabarani. Upasuaji umepangwa mwezi ujao. Kwa jicho la kulia daktari ana matumaini. Kwa la kushoto hakuahidi kitu, nami namheshimu kwa kutoahidi.

Kabla ya ukungu huo, nilimaliza kuandika kitabu cha watoto kuhusu Nyamizi, mama yake bibi yetu. Alifuatana na mumewe, mpagazi wa misafara, kutoka huku kwetu Unyanyembe kupita Ugogo mpaka pwani, akiwa na chungu na kibuyu kichwani. Bibi alituhadithia habari zake tukiwa wadogo, na kila mara aliishia kwenye neno moja: alirudi.

Zuhura akamchora kwa wino mweusi. Mwanamke anamjia msomaji moja kwa moja, shingo imenyooka, mzigo haujamwinamisha. Ndio mchoro wake wa mwisho.

Mchapishaji wa Dar es Salaam alikipokea kitabu, kisha akawapa watu watatu nakala za mchoro huo waupake rangi kwa majaribio. Bahasha ilinifikia wiki iliyopita kwa basi. Natakiwa kuchagua rangi moja na kujibu Jumatatu. Kazi ikienda haraka, kitabu kitakuwa tayari siku Zuhura atakapofunguliwa bandeji. Ndilo ombi lake pekee: akifunguliwa, jambo la kwanza amwone Nyamizi.

Nilizipanga picha mezani, nikachukua kalamu nyekundu. Sijui kutazama kazi ya mtu bila kalamu nyekundu.

Ya kwanza ni ya kijana wa Dar es Salaam, aliyeipaka kwa kompyuta. Mkono wake ni mwepesi, hilo sibishi. Hakuna mahali rangi imevuka mstari. Lakini Nyamizi amekuwa mweupe kama mtu aliyelelewa ndani ya kabati. Shavu linang'aa. Amevishwa kitambaa cha maua, ilhali enzi zile nguo ilikuwa kaniki nyeusi au merikani isiyotiwa rangi. Nyuma yake jua la rangi ya chungwa linazama, na hapo nikaandika maswali mawili kwenye karatasi ya maoni. Jua likiwa nyuma, uso unamulikwa na taa gani? Na likiwa linazama nyuma yake, basi anaelekea mashariki jioni, saa ambayo wapagazi walikuwa wamekwisha kupiga kambi na kubandika vyungu.

Huyu ni bibi harusi. Ni kama hajabeba kitu.

Ya pili imetoka Mwanza, kwa rangi za maji. Huyu alisoma kabla ya kupaka. Kaniki ni kaniki. Mchanga ni huu wetu mweupe, si udongo mwekundu ambao watu hudhani umeenea nchi nzima. Nilianza kufurahi. Kisha nikautazama uso. Ngozi ameichanganya na kijivu mpaka imepauka. Chini ya macho ameweka zambarau, na weupe wa macho ameutia wekundu. Aliona mwanamke, mzigo na njia ya misafara, akahitimisha kwamba ni mtumwa.

Watu walipitishwa njia hii wakiwa na minyororo. Nimelifundisha hilo kila darasa nililopewa, na sitaruhusu mtu alifiche. Lakini Nyamizi hakuwa mmoja wao. Mumewe alipatana ujira wake kabla ya kuinua mzigo, naye Nyamizi akaamua mwenyewe kumfuata. Watu wake waliondoka kwa ngoma. Mtoto wa Tabora anayedhani kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa amenyang'anywa babu zake mara ya pili.

Kilichonishtua ni kwamba fundi huyo hakugusa mstari hata mmoja wa Zuhura. Shingo ni ile ile, kidevu ni kile kile. Kwa rangi tupu amembadilisha mtu.

Ya tatu ni ya mwalimu kijana wa Lusu, kule Nzega, kwa penseli za rangi. Hii niliisahihisha nikiwa nimechoka. Uso ni mweusi kuliko zote, karibu umezama. Anga halikukolea, ni weupe wenye umanjano kidogo. Kivuli kirefu kimelala mbele ya miguu yake. Mkono wa kushoto umepotelea ndani ya kaniki. Niliandika: "Uso hauonekani. Anga halijakamilika." Nikampa alama ya chini kuliko wote.

Mhariri akapiga simu jioni ile. Ni binti mwenye adabu, huanza na shikamoo hata akiwa na haraka.

"Mwalimu, hapa ofisini wote tumeipenda ya kwanza. Inauza."

"Inauza nini?"

Akacheka, akidhani natania. Kisha akanieleza hali ilivyo. Kijana wa Dar es Salaam anaweza kumaliza kurasa zote haraka, kitabu kikawahi. Wengine wawili hufanya kazi kwa mkono, polepole. Nikimchagua mmoja wao, kitabu kitasubiri mpaka mwakani.

Nakiri hapa kwamba nilishawishika. Zuhura haoni. Ningeweza kumsomea ile ya kwanza kwa maneno mazuri, akaridhika, kitabu kikawahi bandeji. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo mpaka kwake jana.

Nilimkuta ukumbini anamenya karanga. Vidole vyake havihitaji macho.

"Shikamoo kaka. Unatembea kama mtu aliyeleta barua ya posa."

"Marahaba. Nimeleta picha."

"Haya, nisomee. Nisomee tu, usinisahihishie."

Nikaanza na ya kwanza. Nilikuwa nimeyaandaa maneno: inavutia, ina mwanga, imekamilika. Nikayasema. Akaacha kumenya.

"Ngozi yake ikoje?"

"Nyeupe kidogo."

"Kidogo kama mimi, au kidogo kama sabuni?"

Sikuweza. "Kama sabuni," nikasema.

"Alitoka Ugogo kwa miguu, akapata wapi losheni?" Akacheka mpaka maganda yakamwagika. "Endelea."

Nikamsomea ya pili, na safari hii sikuficha kitu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Amemliza?"

"Halii. Lakini ametoka kulia."

"Mimi sikumchora hivyo."

"Najua."

"Mrudishe kwenye bahasha."

Nikaishika ya tatu bila matumaini. "Hii ina makosa mengi," nikasema. "Uso umekuwa giza. Jua liko nyuma yake, kivuli kimemtangulia, na anga ni jeupe tu, kama la..."

Nikaitazama upya.

"Kama la nini?"

Kama la macheo. Sura ya kwanza ya kitabu changu inasema kwamba misafara ilitembea asubuhi, ikapumzika kabla ya jua kuwa kali. Asubuhi jua huwa mashariki. Likiwa nyuma yake, basi uso umeelekea magharibi, na kivuli kinamtangulia kuja huku kwetu.

"Zuhura, ulipomchora, alikuwa anakwenda au anarudi?"

"Anarudi, kaka. Bibi alikuwa akisema neno gani? Nilidhani unajua. Hukuniuliza."

Akanyoosha mikono nimpe karatasi ile. Akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaileta karibu na uso mpaka ikagusa pua. Zile mbili za kwanza alikuwa amezijaribu vivyo hivyo, akaona weupe mtupu. Hii aliishika muda mrefu. Akaiinamisha, akaiinua.

"Huyu namwona," akasema.

"Unamwona vipi?"

"Simwoni macho wala mdomo. Namwona mtu mweusi, amesimama wima, nyuma yake kweupe. Anakuja." Akapitisha kidole kando ya bega, juu ya mstari wake mwenyewe. "Mkono wake mmoja uko wapi?"

"Umepotelea kwenye kaniki. Hilo ni kosa la kweli."

"Arekebishe. Mengine asiguse."

Ndipo nikamweleza yale ya simu, kwamba tukimchagua huyu, siku ya bandeji hakutakuwa na kitabu. Nilimweleza polepole, nikitumaini angenirahisishia kazi kwa kusema basi, tuchukue ya kwanza. Akaokota maganda yaliyomwagika, moja moja.

"Kaka, nikifunguliwa macho nikamkuta yule wa losheni, nitawaomba wanifunge tena."

Akarudi kwenye karanga zake.

Leo alfajiri, kwenye karatasi yangu ya maoni, nimefuta alama niliyompa mwalimu wa Lusu. Nimeandika nyingine, na maoni mawili tu: mkono uonekane, na ukingo wa uso upate mwanga kidogo upande wa sikio, ili mtoto aijue sura bila jua kubadilisha mahali. Huo ni usahihishaji wa haki. Ule wa kwanza ulikuwa uchovu.

Jibu la mhariri nimekwisha kuliandika, na litaondoka Jumatatu kama lilivyo. Nimemwambia kwamba Nyamizi atatoka na uso wa Lusu, au maandishi yangu yatarudi Tabora. Nimemweleza kwa nini, kwa adabu, bila kumhutubia. Huenda wakakubali. Huenda wakakiacha kitabu kabisa, nami katika umri huu nikaanza upya kubisha hodi kwa wachapishaji wengine. Nimejiuliza kama niko tayari kwa hilo. Niko tayari.

Mpaka wakate shauri, sitakuwa na la kuandika hapa. Wakilikata, liwe tamu au chungu, nitaliandika siku hiyo hiyo.

Picha nimemwachia Zuhura. Ameibandika kwenye kioo cha dirisha linaloelekea mashariki, mahali ambapo jua la asubuhi hupita nyuma ya karatasi. Leo nilipompelekea uji nilimkuta amekwisha kuamka, amekaa kitandani, uso ameuelekeza huko.

"Taratibu kaka," akaniambia, "usimzibie njia."