Mlango wa Lori la Mzee wa Moiben

Jerono mama,

Nairobi inakutunza? Hapa Langas tuko salama, na kuku wako mweusi ametotoa vifaranga tisa.

Umeniuliza kama umwambie mama yako kwamba uliacha chuo. Mimi si mtu wa ushauri. Najua milango tu.

Nikiwa kijana nilifanya kazi gereji moja mjini, kutoa rangi na kutu kwenye bodi za magari kwa kurusha mchanga kwa upepo wa kompresa. Mzee mmoja wa Moiben akaleta mlango wa lori lake, unang'aa. "Huu ni mzima kabisa," akasema. "Badilisheni rangi tu."

Nikaanza. Rangi nyeupe ikaruka, chini yake bluu, chini yake kijani, kisha fila, ile ya kujazia mahali chuma kimeoza, nayo ikabanduka. Nilipozima kompresa na kusimamisha mlango, jua likapenya kwenye matundu na kumwagika kwenye koti la mzee kama nyota. Mpaka leo sijaona kitu kizuri hivyo gereji.

"Umenitobolea mlango!" mzee akafoka.

Fundi wangu akapitisha kidole kwenye tundu moja, polepole. "Hapana, Mzee. Haya yalikuwa hapa kitambo. Sasa ndio naona pa kuchomelea."

Mama yako atakuwa hapa Jumapili. Njoo.

Lori lile juzi nililiona likipanda kuelekea Ainabkoi, mjukuu wa yule mzee kwenye usukani. Mlango ni ule ule.

Babu yako