Springi Zangu, Gari Lao

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia veranda mara mbili na bado vumbi. Malori ya shaba yanapita hapa Kolwezi tangu alfajiri, nyumba inatetemeka, vikombe vinagongana kabatini. Sokoni unga umekwisha mapema, na sina mwingine. Dereva wa lori la Lubudi ameniacha tena. Magunia yangu ya mahindi yalibaki kule kando ya njia kwa sababu alipata mtu wa kreti za bia. Wiki ijayo atanichekea na kuniita mama mzuri. Nimechoka kuwabembeleza watu kwa sababu tu wana magurudumu.

Na gari ninalo. Liko uani, limelala kwa tumbo kama kuku anayeatamia. Jeep ya marehemu mume wangu, Bonaventure. Injini nzima, gia nzima. Springi ndizo zimekufa: vyuma vya nyuma vimelegea, viwili vimekatika. Njia ya Lubudi malori yameichimba mifereji miwili, katikati pamebaki mgongo wa udongo mgumu. Gari la chini hivi litakaa juu ya ule mgongo na kubaki hapo.

Baada ya maziko shemeji zangu walibeba friji, televisheni, masuti yake, hata betri za sola. Gari waliliangalia. Anaclet, mdogo wa marehemu, alipiga gurudumu teke akasema ni chuma chakavu. Basi wakaniachia. Kwa dharau, lakini wakaniachia.

Nataka litembee kabla ya mvua. Nikikosa msimu huu, mwaka mwingine mzima ni wa kuomba lifti ya magunia.

Jumamosi, 9 Agosti

Tata Fidèle, fundi wa karibu na soko, alikuja. Anaongea kuliko redio. Alilala chini ya gari, akatoka na nywele nyekundu kwa vumbi, akaanza kunieleza maisha yake.

Nilimkatiza. Nikamwambia sitaki mambo ya vijana wa hapa mjini, wanaoinua gari mpaka ukipanda unahitaji ngazi, halafu linapinduka kwenye kona ya kwanza. Akakubali. Kuna springi ambazo kiwanda chenyewe kilitengeneza kwa ajili ya gari hili hili, za nchi zenye njia mbaya. Nene zaidi, zimekunjwa zaidi kidogo. Pamoja na amotisa ndefu, zile za kuzuia gari lisirukeruke, litapanda vidole vinne. Si zaidi. Vidole vinne vinatosha kupita ule mgongo.

Zinapatikana Zambia. Ana mtu wake anayevuka mpaka.

Nimeuza vitenge vyangu vyote vizuri. Hata kile cha harusi. Sikulia. Kitenge hakibebi unga.

Alhamisi, 14 Agosti

Springi bado. Solange amepiga simu kutoka Lubumbashi. Familia ya mchumba wake italeta mahari Desemba. Binti yangu anafurahi, nami nimefurahi naye kwenye simu, halafu nikakata na kuanza kuhesabu viti. Atakayekaa kwenye kiti cha baba kupokea wageni ni Anaclet. Ndivyo ilivyo kwetu: baba akifa, mdogo wake ndiye baba. Bila yeye hakuna mahari, bila mahari hakuna ndoa ambayo watu wataiheshimu. Mtu aliyebeba friji yangu nitamkaribisha kwa mikono miwili.

Na tarehe 30 tunatoa kilio. Mwaka umetimia, nitavua nguo nyeusi. Mama mkwe anatakiwa awepo. Yuko Lubudi, magoti mabovu, kwenye lori hapandi. Mimi ndiye mke wa mwanawe, mimi ndiye wa kumleta. Hakuna aliyeniuliza kwa kitu gani.

Alhamisi, 21 Agosti

Springi zimefika juzi. Leo siku nzima ya nyundo. Bolti za zamani zimeshikana na kutu. Fidèle akazimwagia mafuta, akazichoma moto, akazitukana kwa Kiluba. Mbili zimekatwa kwa msumeno. Springi za zamani zimetoka zimenyooka kabisa, hazina mkunjo hata kidogo. Akazitupa nyuma ya choo.

Mpya zikaingia, gari likashushwa kutoka kwenye magogo. Likasimama limeinama kushoto. Kama mlevi aliyeegemea ukuta.

Fidèle akasema ni ardhi ya uani, haiko sawa. Tukalisukuma mpaka barabarani. Limeinama. Akasema litazoea. Nikamwambia mimi nilikaa miaka ishirini na sita na mwanaume, najua kitu kinachozoea na kisichozoea.

Akarudi chini. Nikasikia anafuta vyuma kwa kitambaa. Zimeandikwa: hii ya kulia, hii ya kushoto. Naye alifuata maandishi kama mtoto wa katekisimu. Lakini kule Zambia dereva anakaa kulia. Springi ya upande wa dereva ndiyo nene, ya kubeba uzito wake. Kwetu dereva yuko kushoto. Alitoka akiwa na aibu.

"Mama Solange, hii springi inazania dereva anaikalaka ngambo ya kuume."

Nilicheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka uani mwangu. Halafu nikakasirika, maana ni kufungua vyote upya.

Jumamosi, 23 Agosti

Amebadilisha. Limesimama wima. Mpira wa breki ulikuwa umevutika, gari limepanda na wenyewe haukupanda, akaweka mrefu zaidi. Nimepima kwa mkono: vidole vinne, pungufu ya ukucha.

Nimeliendesha mpaka kwenye lami na kurudi. Marehemu hakupenda nishike usukani mbele za watu. Leo watu walitazama. Na watazame.

Fidèle aliniambia nilifiche gari kwake mpaka kilio kiishe. Kuna macho, alisema. Nikamwambia nalihitaji Jumatano kwa ajili ya mama mkwe. Akakusanya vyombo vyake akaenda.

Jumatano, 27 Agosti

Lubudi, kwenda na kurudi, gari moja, mimi mwenyewe. Sehemu mbaya nilishuka nikaangalia mgongo wa njia, nikaangalia tumbo la gari, nikapanda, nikapita. Hakuna kilichogusa. Nililia nikiwa nimeshika usukani. Mbele kidogo nikakuta lori la yule rafiki yangu wa bia limekwama, anachimba kwa koleo. Nilipunguza mwendo ili anione vizuri.

Nimebeba mahindi magunia yote niliyokuwa nayo kule. Nikamwekea mama mkwe kigoda cha kupandia. Alikuwa mwepesi sana, nilimwinua kwa mkono mmoja. Nilimtandikia mito miwili. Njia nzima hakulalamika mgongo. Alikuwa anashika mlango na kuangalia mashamba kutoka juu, na kila kijiji tulichopita aliwapungia mkono watu asiowajua. Tulipofika Kolwezi alifungua dirisha akawaita majirani zangu wote.

"Motokari ya mutoto wangu imefufuka!"

Alisema kwa furaha safi. Namkumbuka alivyosema. Nikajua habari itamfikia Anaclet kabla ya usiku.

Jumamosi, 30 Agosti

Wametoa kilio. Misa asubuhi, halafu chakula. Wamenivua nyeusi, wamenivika nyeupe. Nilipika tangu jana na ndugu za mume walikula kama watu waliofunga mwaka wote pamoja na mimi.

Anaclet alizunguka gari sahani mkononi. Akainama, akatazama chini. Akapanda kwenye bampa, akaruka-ruka kidogo. Akamwita kaka yake mwingine. Wakatazama wote.

Nilichukua funguo za gari nikazifunga kwenye pindo la ile nyeupe.

Jumapili, 31 Agosti

Waliniita sebuleni. Waliketi wote kwenye viti vyangu, mimi kwenye kigoda.

"Shee hatukuitupaka ile jeep," Anaclet alisema. "Tuliiachaka ipumuzike. Ni ya yaya, inafaa irudie mu famille."

Ipumzike! Na yaya wao, huyo kaka mkubwa, ni mume wangu. Nikawaambia waliita chuma chakavu. Nikawaambia nani aliyelitengeneza. Shangazi mmoja akaniuliza kama springi zinatembea zenyewe bila gari. Wakacheka.

Nilimtazama mama mkwe. Nilimbeba kwa mikono yangu. Nilidhani atasema kitu. Alisema ndiyo, ni gari la mwanawe, yeye alilipanda na akajua. Hakusema kwa ubaya. Kwake hakuna gari langu na gari lake. Kuna mwanawe tu. Hilo ndilo limeniuma kuliko kicheko cha wale wengine.

Wamenipa mpaka Jumamosi. Mama mkwe atabaki kwangu mpaka siku hiyo, kisha Anaclet atamrudisha Lubudi na gari. Nimpikie, maana yake.

Jumanne, 2 Septemba

Nilimwona wakili anayesaidia wajane parokiani. Kijana mstaarabu. Anasema sheria iko upande wangu, tena wazi kabisa. Nilitoka pale nikitembea kama mtu.

Anaclet alishaambiwa kabla sijafika nyumbani. Mji huu hauna siri. Aliningoja mlangoni, hakuingia.

"Kama unaenda ku tribunal, sawa. Lakini siku ya Solange utatafuta mutu mwingine wa kuikala pa kiti."

Akaondoka. Hakupandisha hata sauti.

Nilimpigia Solange. Alisema, Mama, peleka kesi, mimi nitangoja. Alisema haraka mno. Nilisikia alivyovuta pumzi baadaye. Nimemzaa mimi, namjua.

Sipeleki. Nawachukia. Wote, na aliyekufa kidogo, kwa kuwa hakuandika hata mstari mmoja wa wosia akiwa hai.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeamka na hasira yenye akili. Wanataka gari la yaya wao? Watalipata la yaya wao. Kama alivyoliacha.

Fidèle alidhani nimechanganyikiwa. Anasema katika maisha yake yote hajawahi kulipwa kwa kuharibu kazi yake mwenyewe. Nikamwambia na leo pia halipwi. Akafanya. Bolti zilifunguka kirahisi safari hii, na hilo nalo liliniuma. Springi za nyuma ya choo zikarudi, na vyuma vyao vilivyokatika vikiwa vimefungwa kwa waya. Amotisa zile zile mbovu. Jioni gari likashushwa kutoka kwenye magogo, likalala kwa tumbo.

Mama mkwe alikuwa verandani muda wote, anachambua maharage yangu. Macho yake hayaoni mbali. Aliuliza gari linaumwa nini. Nikasema, fundi anaangalia.

Springi zangu nimeziburuta chumbani.

Jumamosi, 6 Septemba

Anaclet alikuja na dereva na miwani ya jua. Alisimama mbele ya gari. Akainama. Akavua miwani.

Nilimpa funguo mbele ya watu. Nikasema hivi ndivyo yaya alivyoiacha, sikupunguza kitu wala sikuongeza. Majirani walikuwa ukutani, walisikia. Hakuweza kudai springi, kwa sababu kwenye sebule yangu alisema mwenyewe anachotaka ni cha kaka yake. Lile jambo la Solange hakuweza kulitaja pia, maana mahakamani sikwenda. Cha kaka yake amepata. Kwa muda mfupi nilikuwa na raha kabisa.

Halafu wakamleta mama mkwe.

Hakuhitaji kigoda. Aliingia kama mtu anayekaa kwenye mkeka. Nilikuwa nimesahau. Hapana, sikusahau, niliamua kutofikiria. Niliweka mito, yote niliyo nayo. Nikamwambia Anaclet ampandishe kwenye gari lingine, njia ni mbaya, atamuumiza. Akaniambia mimi ndiye niliyelifanya hivi. Kweli. Na yeye ndiye anayeondoka nalo.

Mama mkwe alinishika shavu, akanibariki. Gari lilikwaruza kokoto pale pale getini. Nilimwona anashika mlango kwa mikono miwili.

Nimeshinda. Nimekaa na ushindi wangu jikoni, unanuka.

Jumapili, 21 Septemba

Misa ya kwanza. Mawingu upande wa kaskazini, bado hayana kitu.

Baada ya misa alinifuata mama mmoja anayeuza samaki wakavu, ametoka Lubudi na lori. Kutoka kwake nimesikia yote. Gari halikufika. Lilikaa juu ya ule mgongo wa udongo siku ile ile, ekseli ikapinda walipolivuta. Anaclet akaliuza hapo hapo kijijini, likakatwa kwa moto na kupimwa kilo. Mama mkwe alimalizia njia juu ya lori la makaa. Siku kadhaa hakuinuka kitandani. Sasa anakaa nje kidogo kukiwa na jua.

Hakuna aliyemwambia ukweli. Anaclet alimwambia gari limerudi kwangu, kwa sababu mimi ndiye ninayejua kulitunza.

Yule mama wa samaki alinipa salamu za mama mkwe.

"Anauliza: Mama Solange atakuya siku gani na motokari? Anasema na wewe njia aiko mbaya."

Nilimwambia amsalimie sana. Amwambie nitakuja.

Nimerudi nyumbani, nimepika, nimekula kidogo. Kesho nitamtafuta yule dereva wa lori la Lubudi, yule wa bia. Nitamwomba nafasi ya mbele, kwenye kiti.