Mnazi wa Kitovu Chako

Mama,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nyumba hii ya Kikwajuni haijazoea salamu isiyojibiwa.

Naandika kwa kalamu ya Salim. Ndiyo, mjukuu wako, yule uliyesema ana kichwa kama fenesi. Kichwa hicho kimefaulu, mama! Anasomea ualimu, na mtaa mzima unajua kwa sababu nimewaambia. Ungekuwepo ungenikata jicho. "Mwanangu, mdomo wako hauna mlango." Basi na usiwe nao. Mwenye mwana kama wangu afunge mlango wa nini?

Lakini sikuandikii kujisifu. Nakuandikia kwa sababu ya mnazi wako.

Tangu tukuzike, kila nikienda shamba nakuta umekwewa. Ule ule wa nyuma ya jiko, aliouotesha bibi juu ya kitovu chako ulipozaliwa. Minazi mingine imejaa, wako mtupu, na chini hapana hata kumbi moja la nazi. Mwizi gani huyo anayefagia?

Umri wako wote umepita chini ya mnazi ule. Hapo ulijifunza kusuka ukili ungali mtoto. Hapo ulichambua karafuu mpaka vidole vikawa havitoki harufu. Baba alipofariki ulikaa eda ukiutazama dirishani, kisha ukatulea, mimi na kaka Makame, kwa nazi na muhogo bila ya kumuomba mtu chumvi. Nilipokuleta mjini ulinusa maji ya mfereji, ukasema yana harufu ya chuma, na alfajiri ukataka gari la shamba. "Silali mahali nisipousikia mnazi wangu."

Na wewe ndiye uliyenifunza kushuku. Hukunywa maji ya mtu mpaka mwenyewe ayaonje kwanza. Kuku wako ukiwajua kwa milio yao. Basi nami nikashuku, nikamshuku wifi yangu Time, mke wa Makame, maana ndiye aliyebaki na ufunguo wa jiko lako. Nikamuuliza, nazi za mama zinakwenda wapi? Akajishika kiuno. "Wifi, mimi nipande mnazi na mwili huu? Si nitaung'oa!" Akacheka. Mie sikucheka. Anayejibu kwa mzaha ana jambo lake. Tena nikaiona sufuria yako kubwa, ile ya shughuli, imesuguliwa inang'aa. Ya nini, na harusi hapana?

Nikaenda kwa mganga. Usinikasirikie, mama. Akanipa kago, kitambaa cheusi kimefungwa uzi, nikifunge mnazini. Atakayezichuma nazi zile au kuzila, mkono umvimbe mpaka aungame. Nikalifundika kwenye pindo la kanga, Alhamisi asubuhi nikapanda gari bila ya kumwambia mtu.

Njia nzima nikawa nasikia neno lako: "Usimtie mtu mdomoni kabla hujamtia machoni." Haya, nikasema, kwanza nitazame. Nikajibanza nyuma ya banda la kuku.

Time akaja na mkwezi. Nazi zikaanguka, pu, pu. Leo nimekushika, mwanamke! Lakini hazikwenda sokoni. Alikaa juu ya mbuzi akakuna, akakuna, jasho linamtoka, akapika wali katika ile sufuria. Kisha wakaja watoto wa chuo cha Kurani na juzuu zao, wakakaa kwenye jamvi ulilolisuka, wakakusomea Yasini, wadogo wakikosea na wakubwa wakiwafinya. Wakaletewa wali. Time akawa anawahimiza: "Kuleni. Mkiulizwa, mmekula kwenu. Marehemu kaniusia, nazi za mnazi wa kitovu chake ni sadaka ya siri mpaka mnazi ukauke. Na yule wa mjini asijue, atainadi mpaka sokoni Darajani."

Yule wa mjini ni mimi, mama!

Nikalia pale pale, kuku wananidonoa miguu. Uliniamini na maradhi yako. Nilikuogesha, nilikulisha kwa kijiko. Na hili... hili ukamwamini wifi. Liliniuma, sikufichi. Kisha nikaligusa pindo langu, nikalikuta lile kago. Nikaitazama mikono ile midogo imejaa wali. Mikono ile, mama.

Kago nimelitupa baharini, na kanga nimeifua, nikaifua tena.

Time hajui kwamba najua. Nilizunguka, nikapiga hodi mlango wa mbele kama nimefika sasa hivi. Akanipa mkono unaonuka tui, akasema leo hakupika kitu. Muongo mkubwa yule! Nikamkumbatia. Ila bakuli lako la buluu sikuliona kabatini, na hilo nitaliuliza.

Niliporudi, jirani akaniita barazani: "Bibi, shamba kuna nini?" Sadaka yako ikafika kwenye ncha ya ulimi. Nikaimeza. Nikamwambia nilikwenda kufagia.

Pumzika, mama, Mungu akulaze pema. Nakuahidi, kila nikienda shamba nitasimama chini ya mnazi wako nipige kelele kama kawaida yangu: nani huyu anayeiba nazi za mama? Nitapiga mpaka majirani wachoke, na Time asishuku kitu.

Mimi mwanao, mwenye mdomo,
Mwanakhamis